Bubu Asemewaye: Lugha ya Kadi za Maneno na Usawiri wa Jamii Mbalimbali katika Melodrama za Filamu Bubu za Marekani

1.0 Utangulizi

Filamu zilizotengenezwa kabla ya sauti kuingia katika sinema huitwa kwa Kiswahili filamu bubu. Jina hilo limezoeleka kiasi kwamba maana yake haichunguzwi tena. Bubu katika jamii ni mtu mwenye mengi moyoni asiyekuwa na sauti ya kuyatolea. Huonyesha kwa mikono, kwa macho na kwa uso, na mara nyingi hujitokeza mtu wa pembeni akawa mkalimani wake. Mkalimani huyo ana mamlaka makubwa. Aweza kufasiri kwa uaminifu. Aweza pia kupunguza, kuongeza, au kumtilia bubu maneno ambayo hakuyakusudia kamwe. Bubu hana njia ya kumkanusha.

Filamu bubu nazo zilikuwa na mkalimani wa namna hiyo. Mkalimani huyo ni kadi za maneno, yaani maandishi yaliyopigwa picha na kupachikwa baina ya maonyesho ili kumweleza mtazamaji jina la mhusika, mahali, wakati, na yale ambayo mhusika anayasema midomo yake inapotikisika. Makala haya yanazichunguza kadi hizo kwa jicho la isimu. Yanadai kwamba katika melodrama za Marekani za kipindi hicho, swali la nani alisawiriwa na kwa namna gani haliwezi kujibiwa kwa kuangalia sura na mavazi peke yake. Sehemu kubwa ya usawiri wa watu weusi na watu wenye asili ya Asia ilifanywa na maneno yaliyoandikwa: namna wahusika walivyotajwa, tahajia waliyopewa, na zamu za kusema walizonyimwa. Aidha, kwa kuwa maneno hayo yaliweza kuondolewa na kuwekwa mengine bila kuigusa picha, mtafiti wa leo analazimika kuuliza ni maneno ya nani hasa anayoyasoma.

Mjadala utajikita katika filamu nne: The Birth of a Nation (1915), The Cheat (1915), Broken Blossoms (1919) na Within Our Gates (1920). Filamu nyingine zitatajwa kwa kadiri zitakavyosaidia kuifafanua hoja.

2.0 Melodrama na ububu

Uhusiano wa melodrama na ububu ni wa tangu kale kuliko sinema yenyewe. Melodrama kama utanzu wa jukwaani ilishamiri Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Mwandishi wake mashuhuri, Guilbert de Pixérécourt, aliutoa mwaka 1800 mchezo wa Coelina, ambamo mhusika mmoja muhimu ni bubu anayejua siri ambayo hawezi kuitamka. Peter Brooks, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu fikra za kimelodrama, alionyesha kwamba ububu huo haukuwa wa bahati. Melodrama ni utanzu unaotaka wema na uovu vionekane waziwazi, na mtu mwema asiyeweza kujitetea kwa maneno ndiye kielelezo bora cha wema unaodhulumiwa. Mtazamaji humwona, humwamini, na hungoja kwa uchungu siku ambayo ukweli wake utadhihirika.

Sinema ilipozuka, iliurithi utanzu huu ukiwa tayari una lugha ya ishara. Hata hivyo, ilirithi pia swali gumu. Ikiwa melodrama huhitaji mdhulumiwa na dhalimu, nani katika jamii yenye watu wa asili mbalimbali atapewa nafasi ya mdhulumiwa, na nani atapewa ya dhalimu? Linda Williams (2001) ameeleza kwamba historia ya melodrama ya Marekani kuhusu watu weusi imekuwa ikiyumba baina ya nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ni ile ya Uncle Tom's Cabin, riwaya ya Harriet Beecher Stowe ya mwaka 1852, ambamo mtumwa mweusi ndiye mwema anayeteswa. Nguzo ya pili ni ile ya The Birth of a Nation, ambamo mtu mweusi anageuzwa kuwa mtesaji na mwanamke wa Kizungu anakuwa mteswa. Sarufi ya melodrama ni ile ile. Kilichobadilika ni majina yaliyowekwa katika nafasi ya kiima na ya yambwa.

Hata katika nguzo ya kwanza, kuhurumiwa hakukuwa na maana ya kuwakilishwa. Edwin S. Porter alipoifanya Uncle Tom's Cabin kuwa filamu mwaka 1903, wahusika wakuu weusi waliigizwa na Wazungu waliojipaka rangi nyeusi. Ilipofika mwaka 1914 ndipo Sam Lucas, mwigizaji mweusi, alipomwigiza Tom katika filamu. Mwaka 1927, katika toleo la gharama kubwa lililoongozwa na Harry Pollard, Tom aliigizwa na James B. Lowe, mwigizaji mweusi, lakini mtoto Topsy aliigizwa na Mona Ray, Mzungu aliyepakwa rangi, na Eliza akaigizwa na Margarita Fischer, Mzungu pia. Filamu ya Porter ina umuhimu mwingine kwa mada hii: ni miongoni mwa filamu za mwanzo za Marekani kutumia kadi za maneno, ingawa wakati huo kadi zilikuwa vichwa vya habari tu vya kila onyesho. Maneno ya wahusika wenyewe yaliingia baadaye, na yalipoingia, hayakugawanywa sawasawa.

3.0 Kutaja na kuhukumu

The Birth of a Nation ya D. W. Griffith ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 8 Februari 1915. Ilitokana na riwaya ya Thomas Dixon, The Clansman (1905), na inasimulia habari za familia mbili, Stoneman wa Kaskazini na Cameron wa Kusini, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe na miaka iliyofuata baada ya watumwa kuachwa huru. Wahusika wakuu weusi na suriama waliigizwa na Wazungu: Walter Long alikuwa Gus, George Siegmann alikuwa Silas Lynch, na Mary Alden alikuwa Lydia Brown.

Jambo hilo la kupaka rangi limeandikwa sana. Lililoandikwa kidogo ni namna kadi zinavyowataja wahusika wanapoingia. Wahusika wa familia ya Cameron huletwa mbele ya mtazamaji kwa maneno ya ukoo na ya mapenzi: Ben ni kanali mdogo, Flora ni dada mdogo anayedekezwa. Wahusika weusi huletwa kwa maneno ya tabaka na ya siasa: Lynch ni kiongozi suriama wa watu weusi, Lydia ni suriama mtunza nyumba wa Stoneman, Gus ni muasi aliyezaliwa na mafundisho maovu ya wageni kutoka Kaskazini. Wale watumishi weusi wanaobaki upande wa mabwana wao huitwa waaminifu. Hakuna mweusi hata mmoja kati ya hawa anayeletwa kama mwana, ndugu au mzazi wa mtu. Kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye katika lugha yake kumtaja mtu pasi na kumhusisha na watu wake ni karibu sawa na kumtukana, tofauti hii haihitaji ufafanuzi mrefu.

Zaidi ya hayo, kadi inayomtambulisha Gus inatoa hukumu kabla hajatenda lolote. Katika usimulizi wa kawaida sifa ya mhusika huthibitishwa na matendo yake. Hapa matendo yanakuja baadaye kuithibitisha sifa iliyokwisha kutolewa. Hata jina la ukoo la Lynch linastahili kuangaliwa, kwa kuwa linafanana na neno la Kiingereza linalotaja kuuawa kwa mtu na umati bila hukumu ya mahakama. Waliouawa hivyo Kusini mwa Marekani katika zama hizo walikuwa kwa sehemu kubwa watu weusi. Hadithi imelichukua jina la kitendo walichotendewa na kumvika mmoja wao kama kwamba yeye ndiye mtendaji.

Kuna aina nyingine ya kadi katika filamu hiyo ambayo mwanaisimu hawezi kuipita. Nazo ni kadi za ushahidi. Baadhi yake zimenukuu kitabu cha historia cha Woodrow Wilson, ambaye wakati huo alikuwa ndiye Rais wa Marekani, na ambaye filamu ilionyeshwa katika Ikulu yake tarehe 18 Februari 1915. Nyingine zinadai kwamba onyesho linalofuata ni nakala halisi ya tukio la kihistoria. Kauli ya namna hii haina msemaji. Kiswahili kina njia ya kumtahadharisha msikilizaji kwa kiarifu kama vile inasemekana au yadaiwa. Kwa maneno hayo msemaji hukiri kwamba habari ina mwenyewe mahali fulani, na kwamba yaweza kubishaniwa. Kadi hizi hazikuwa na tahadhari hiyo. Zilitoka gizani, kwa herufi nyeupe, zikasema jambo kama lilivyo, kisha picha ikafuata kama shahidi.

Matokeo yake hayakuishia ndani ya ukumbi. NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi kilichoundwa mwaka 1909, kilipinga filamu hiyo katika miji kadhaa na kutaka ipigwe marufuku au ikatwe. Mnamo Novemba mwaka huo huo wa 1915, Ku Klux Klan, kundi ambalo lilikuwa limekufa tangu miaka ya 1870, lilifufuliwa katika Stone Mountain, Georgia, na baadaye filamu ikatumiwa kuwavutia wanachama wapya. Ndiyo maana suala la nani alipewa neno gani katika kadi haliwezi kuchukuliwa kuwa suala la mtindo tu.

4.0 Tahajia kama vazi

Waigizaji walivalishwa mavazi. Maneno yao yalivalishwa tahajia. Katika kadi za mazungumzo za zama hizo, mhusika Mzungu mwenye hadhi huandikiwa kwa Kiingereza sanifu bila kujali anatoka wapi, ilhali mhusika mweusi huandikiwa kwa herufi zilizodondoshwa, alama za ritifaa, na maneno yaliyofinyangwa ili kuonyesha matamshi. Katika The Birth of a Nation ndivyo anavyosemeshwa yaya wa familia ya Cameron.

Ukweli wa kifonetiki unaupinga mgawanyo huu. Tahajia ya Kiingereza haiwakilishi matamshi ya mtu yeyote kikamilifu. Wazungu wengi wa Kusini mwa Marekani, hasa wa tabaka la wenye mashamba makubwa, nao walikuwa hawaitamki sauti /r/ baada ya irabu. Kama mwandishi wa kadi angekusudia kuandika matamshi kwa uaminifu, ingempasa amwandikie bwana kama alivyomwandikia mtumishi. Hakufanya hivyo. Tahajia potofu, kwa hiyo, haikuwa kipimo cha sauti. Ilikuwa alama ya cheo. Wanaisimu huiita lahaja ya macho, kwa kuwa hukaa katika jicho la msomaji kuliko katika kinywa cha msemaji.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua mbinu hii. Katika vichekesho na michezo ya kuigiza ya Kiswahili, Mhindi mwenye duka amekuwa akisemeshwa veve badala ya wewe, na mtu wa bara akabadilishiwa /r/ na /l/ kila afunguapo kinywa, huku mhusika wa mjini akiandikiwa Kiswahili kilichonyooka hata kama naye katika maisha humeza silabi. Kicheko kinachotokea hudhaniwa kuwa cha lugha. Ukweli ni kwamba ni kicheko cha mpaka: huyu ni wetu, yule si wetu.

Broken Blossoms, pia ya Griffith, inaonyesha upande mwingine wa suala hili, kwa sababu nia yake ilikuwa ya huruma. Filamu hiyo ilitokana na hadithi fupi ya Thomas Burke iliyomo katika Limehouse Nights (1916), na inamhusu kijana wa Kichina anayekuja London kueneza mafundisho ya amani ya Buddha, anavunjika moyo, na hatimaye anampa hifadhi Lucy, binti anayepigwa na baba yake ambaye ni bondia. Kijana huyo aliigizwa na Richard Barthelmess, Mzungu wa Marekani, kwa mabega yaliyoinama na macho yaliyofumbwa nusu. Katika hadithi ya Burke ana jina, Cheng Huan. Kadi za filamu humwita kwa rangi yake: Mtu wa Manjano.

Katika Kiingereza jina hilo hutanguliwa na neno la kubainisha ambalo humfanya mtu mmoja asimame badala ya jamii nzima. Kiswahili hakina neno la namna hiyo, na katika tafsiri athari yake hufifia. Hilo lenyewe ni onyo kwa wanaofundisha filamu hizi kwa tafsiri. Athari nyingine haifichiki kwa lugha yoyote. Lucy, anapotaka kumshukuru mwenyeji wake, humwita kwa jina la utani la dharau walilopewa Wachina, kwa upole kabisa, kwa kuwa hajui jina jingine la kumwitia. Onyesho hilo ni la upendo, na neno lililomo ni tusi. Filamu haioni mgongano huo. Mtu mwema kuliko wote katika hadithi anaishi, anapenda, analipiza kisasi na kujiua pasipo kuitwa kwa jina lake na yule anayempenda.

5.0 Kadi inayobadilishwa

Mfano ulio wazi zaidi wa nguvu za kadi ni The Cheat ya Cecil B. DeMille. Filamu hiyo ya mwaka 1915 inamhusu Edith, mke wa tajiri, aliyeigizwa na Fannie Ward, ambaye anapoteza dola 10,000 za mfuko wa Msalaba Mwekundu na kukopa kiasi hicho kutoka kwa mfanyabiashara tajiri wa Kijapani, Hishuru Tori. Anapotaka kulipa fedha badala ya mwili wake, Tori anamchoma begani kwa chuma cha moto anachotumia kutia chapa mali zake. Tori aliigizwa na Sessue Hayakawa, mzaliwa wa Japani, na uigizaji wake wa utulivu, usio na mikono ya kupunga wala macho ya kutoka, ulimfanya awe miongoni mwa nyota wakubwa wa zama hizo.

Wajapani waliokuwa wakiishi Marekani waliilalamikia filamu hiyo. Mwaka 1918 ilitolewa upya. Wakati huo Marekani na Japani zilikuwa upande mmoja katika Vita Kuu ya Kwanza, na haikufaa tena dhalimu awe Mjapani. Kadi zikabadilishwa: Hishuru Tori akawa Haka Arakau, mfalme wa biashara ya pembe za ndovu kutoka Burma. Mwigizaji alibaki yule yule, nyumba ile ile, milango ya karatasi ile ile na mavazi yale yale ya Kijapani. Nakala iliyozoeleka leo ni hiyo ya mwaka 1918.

Tukio hili lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba utambulisho wa kitaifa wa mhusika katika filamu bubu ulikuwa wa maandishi kwa kiwango ambacho sinema ya sauti isingeruhusu kwa urahisi. La pili ni chungu zaidi. Kama Mjapani aliweza kugeuzwa kuwa Mburma kwa kubadilisha kadi chache tu, basi kwa watengenezaji hakuwa Mjapani hata hapo mwanzo. Alikuwa Mwasia wa jumla, nafasi tupu katika sarufi ya melodrama ambayo ingeweza kujazwa nomino yoyote ambayo isingeudhi serikali rafiki. Waburma hawakuwa na dola yenye uzito wa kuwatetea, nao ndio waliobebeshwa chapa. Mwaka huo huo wa 1918 Hayakawa aliunda kampuni yake mwenyewe, Haworth Pictures, ili apate kuchagua hadithi na wahusika. Hatua hiyo yaeleweka vema zaidi ikisomwa pamoja na kisa cha kadi hizo.

6.0 Oscar Micheaux na maneno yaliyopotea

Watu weusi wa Marekani hawakungoja wengine wawasemee. Mwaka 1916 ndugu Noble na George Johnson pamoja na wenzao waliunda Lincoln Motion Picture Company. Mwaka 1919 Oscar Micheaux, mwandishi wa riwaya aliyezaliwa Illinois mwaka 1884, aliitoa The Homesteader, na Januari 1920 Within Our Gates ikaonyeshwa Chicago, miezi michache baada ya ghasia za kibaguzi za mwaka 1919 katika mji huo. Bodi ya ukaguzi iliiwekea pingamizi kwa sababu ya maonyesho ya mauaji ya watu weusi mikononi mwa umati.

Filamu hiyo inamhusu Sylvia Landry, aliyeigizwa na Evelyn Preer, mwalimu anayekwenda Kaskazini kutafuta fedha za kuiokoa shule ya watoto weusi isifungwe. Mwisho wa filamu unarudi nyuma kusimulia yaliyowapata wazazi waliomlea. Baba yake mlezi, Jasper Landry, anakwenda kufanya hesabu na mwenye shamba, na anakwenda bila woga kwa sababu Sylvia, aliyesoma, amemwandikia hesabu zake. Mwenye shamba anapigwa risasi na Mzungu mwingine, lakini lawama inamwangukia Landry. Gazeti linachapisha habari za uongo, na filamu inaonyesha uongo huo kwa picha, kisha inaonyesha yaliyotokea kweli. Kwa mbinu hiyo Micheaux aligeuza utaratibu wa Griffith. Kwa Griffith neno lililochapishwa linakuja kwanza na picha inalithibitisha. Kwa Micheaux neno lililochapishwa linawekwa kizimbani na picha inalihukumu.

Kuna onyesho lingine ambalo wanaisimu wangependa kulitumia darasani. Mhubiri mweusi anayeitwa Old Ned anawachekesha Wazungu, anawaambia yale wanayopenda kusikia, anapigwa teke kwa mzaha na kuondoka akicheka. Mlango unapofungwa uso wake unabadilika, na katika maneno anayojisemea peke yake anakiri kwamba ameiuza haki ya watu wake. Ni mfano mzuri sana wa mtu mmoja mwenye rejista mbili: moja ya mbele ya bwana, nyingine ya nyuma ya mlango.

Hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Within Our Gates ilidhaniwa kuwa imepotea hadi nakala yake ilipopatikana katika hifadhi ya filamu ya Hispania katika miaka ya 1970, ikiwa na jina la La Negra. Kadi zake zilikuwa zimefasiriwa kwa Kihispania. Za Kiingereza cha asili zilisalia nne tu. Maktaba ya Bunge la Marekani iliifanyia ukarabati uliokamilika mwaka 1993, na Scott Simmon alizirudisha kadi katika Kiingereza. Aliondoa maelezo ambayo yalikuwa yameongezwa kwa ajili ya watazamaji wa Hispania, na kwa mtindo wa maneno alijiongoza kwa riwaya za Micheaux na kwa Body and Soul (1925), filamu bubu pekee ya Micheaux iliyosalia na kadi zake za awali. Katika Body and Soul, filamu ya kwanza ya Paul Robeson, ambaye mwaka 1934 alijiandikisha London kusoma fonetiki na Kiswahili, mama wa makamo mcha Mungu huandikiwa lahaja nzito. Micheaux mwenyewe, kwa hiyo, hakuikwepa lahaja ya macho; aliigawa ndani ya jamii ya watu weusi kwa kufuata umri, elimu na tabaka.

Kazi ya Simmon ilikuwa ya lazima na ilifanywa kwa uangalifu. Lakini mtafiti anayenukuu maneno ya Old Ned kama ushahidi wa Kiingereza cha watu weusi cha mwaka 1920 ananukuu makisio ya mwaka 1993 yaliyopitia Kihispania. Kihispania hakina lahaja inayolingana na ile ya watu weusi wa Kusini mwa Marekani. Mfasiri wa kwanza alilazimika kuisawazisha au kubuni, na mfasiri wa pili alilazimika kukisia kilichokuwapo kabla. Hali ya The Symbol of the Unconquered (1920) inafanana na hiyo, kwa kuwa nakala yake ilisalia Ubelgiji ikiwa na kadi za Kifaransa na Kiflemi.

Yafaa basi kutofautisha viwango vitatu vya ushahidi. Kiwango cha kwanza ni cha picha: nani yupo, anafanya nini, midomo ya nani inatikisika. Hiki ni imara kwa kadiri nakala ilivyo kamili. Kiwango cha pili ni cha maudhui ya kadi: nini kinasemwa. Hiki chaweza kutumika kwa tahadhari, hasa pale picha inapoafikiana nacho. Kiwango cha tatu ni cha umbo la lugha: tahajia, lahaja, msamiati. Katika filamu iliyofasiriwa na kurudishwa, kiwango hiki hakiwezi kubeba hoja yoyote peke yake. Badiliko la uso wa Old Ned baada ya mlango kufungwa ni la Micheaux. Maneno kamili ya toba yake hayana hakika hiyo.

7.0 Mipaka ya hoja

Yaweza kupingwa kwamba mkabala huu unazipa kadi uzito kupita kiasi, kwani watazamaji walikwenda kuona picha. Pingamizi hilo lina ukweli. Utulivu wa Hayakawa ulimfanya apendwe na watazamaji ambao kadi ziliwaambia wamchukie, na uso wa Evelyn Preer unasema mambo ambayo hakuna mfasiri aliyeweza kuyaharibu. Mwili wa mwigizaji humponyoka mwandishi wa kadi. Hata hivyo, pale ambapo mwigizaji alikuwa Mzungu aliyepakwa rangi, mwili nao ulikuwa umekwisha kuchukuliwa, na jamii iliyodaiwa kusawiriwa haikuwa na pa kujionyesha: si katika picha, si katika neno.

Utenganisho wa picha na maneno haukuishia Marekani, wala haukuishia katika melodrama. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na kituo chake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 za mafunzo kwa ajili ya Waafrika. Picha zilipigwa bila sauti, na maelezo yalirekodiwa katika santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine kadhaa za eneo hilo ili zichezwe sambamba na picha. Filamu hizo zilikuwa za kilimo, afya na uwekaji akiba, na lengo lao lilikuwa tofauti kabisa na la Griffith. Lakini kwa upande wa mawasiliano hali ni ile ile: mkulima anaonekana akisema, na sauti inayosikika imeletwa na mwingine, nayo inaweza kubadilishwa bila yeye kujua. Wanaochunguza filamu za zama za ukoloni Afrika Mashariki wangefaidika kwa kuanza na swali lile lile la kadi: nani aliandika maneno, na kwa lugha ipi ya kwanza?

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika melodrama za filamu bubu kadi za maneno ziliwagawa wahusika kwa njia tatu: kwa majina ya ukoo au ya tabaka, kwa tahajia sanifu au potofu, na kwa kuwapa au kuwanyima jina lao wenyewe. Yameonyesha pia kwamba maneno hayo hayakuwa na mizizi katika picha, hivyo yaliweza kung'olewa kwa sababu za kisiasa, kibiashara au za tafsiri.

Jambo hili lina uzito kwa sababu kilichobaki ni kidogo. Utafiti wa David Pierce uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulibainisha kwamba kati ya filamu ndefu 10,919 zilizotolewa Marekani kuanzia 1912 hadi 1929, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo lao la awali. Kati ya filamu bubu za Micheaux, ambazo zilizidi 20, zimebaki tatu, na mbili kati ya hizo zimerudi nyumbani zikisema lugha za kigeni. Filamu zilizosimulia kwa sauti ya wenye mamlaka zilihifadhiwa kwa urahisi zaidi. Zile zilizojaribu kuwajibu zilisalia kwa bahati, na maneno yake yamechubuka njiani. Mtafiti anayezichunguza hana budi kuwa mkalimani mwaminifu: aonyeshe bubu alipoashiria, aonyeshe mkalimani alipoongeza, na pale ambapo haiwezekani kuvitenganisha viwili hivyo, aache nafasi wazi badala ya kuijaza kwa maneno yake.